Mashine Kuukuu Kutoka Bara: Niliyojifunza Kuzishusha Hadi Changamwe

Mtu akiingia karakana yangu Changamwe, Mombasa, huuliza swali lile lile: mbona mashine zako zote umezitoa bara, na bandari unaiona ukipanda juu ya paa? Ni swali la haki. Kilindini iko hapo, makontena yanapita mlangoni usiku na mchana, na hakosi mtu wa kuniambia ana jamaa yake Dubai au Uingereza atakayenitafutia lethi safi, yaani mashine ya kukereza, kwa picha za simu. Lakini mimi mashine za kukereza, za kutoboa na za kuchonga chuma nimezifuata Nairobi, Thika, Nakuru hadi Kisumu, nikazishusha kwa barabara. Nikiambiwa leo nianze upya, nitazifuata huko huko.

Sababu moja ni kwamba mashine zenyewe ziko huko. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na nyuma yake vikafuata viwanda: vya katani, vya chai, vya sukari, baadaye vya nguo. Kila kiwanda kilikuwa na karakana yake, na kila karakana ilikuwa na lethi, drili ya kusimama na pengine shepa, ile mashine ya kuchonga kwa kisu kinachokwenda mbele na nyuma. Ziliteremshwa melini hapa hapa Kilindini, zikapanda bara kwa gari moshi. Colchester na Harrison za Uingereza, Boxford ndogo ndogo za shule za ufundi, HMT na Kirloskar za India. Viwanda vingi kati ya hivyo vimefungwa, vya nguo hasa baada ya mitumba kujaa sokoni. Mashine zimebaki zimefunikwa vumbi, na wenyewe wanataka nafasi.

Sababu ya pili ni lori. Nchi hii inaagiza mizigo mingi kuliko inayouza nje, kwa hiyo malori yanapanda kutoka Mombasa yamejaa na mengi yanarudi matupu, au na mzigo kidogo wa kusukuma siku. Dereva anayeshuka na bodi tupu anakusikiliza. Mwenye haraka hukodi lori Mombasa liende Nakuru likamchukulie mashine, akalipia safari mbili. Mimi hununua kwanza, kisha namtafuta dereva wa huku kwetu ambaye tayari yuko juu na anataka kurudi nyumbani. Ukishawajua wawili watatu, unapiga simu tu. "Bwana fundi, niko Athi River nashusha, kesho asubuhi nikupitie wapi?" Nauli ya namna hiyo ni nafuu kuliko ya kupandisha mzigo ule ule, wala huhitaji kubembeleza sana.

Hata hivyo bei ya mashine na nauli si ndizo zinazonikosesha usingizi. Mashine ya chuma haifi kazini, inafia njiani. Lethi inaweza kukereza shafti miaka arubaini, ikabadilishwa beringi na mikanda, ikaendelea. Kisha siku ya kuhamishwa inakuja, vijana wanne na mnyororo mmoja wanaimaliza kabla ya saa ya chakula. Mwili wa mashine hizi ni chuma cha kalibu, kilichomiminwa. Kinabeba uzito wa ajabu na kinameza mtetemo, ndiyo maana kikachaguliwa, lakini hakikunjiki. Ni kama chungu: kinakaa juu ya moto miaka na miaka, ukikiangusha mara moja ni vigae. Kwa hiyo karibu yote niliyojifunza yanahusu zile saa chache za kunyanyua, kufunga na kushusha, na yale ya kukagua kabla ya kulipa.

Nianze na kukagua.

Rangi mpya haisemi lolote. Mashine iliyopakwa rangi ya kijani inayong'aa jana hunitia shaka zaidi ya ile yenye mafuta meusi yaliyogandamana, kwa sababu mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yanazuia kutu. Naanza na kitanda, zile reli mbili ambazo kigari kinachobeba kisu hutembea juu yake. Kazi nyingi hufanyika karibu na kichwa, pale penye chaki, yaani ile bakuli ya chuma yenye meno yanayoshika kazi, yaani kipande kinachokerezwa. Kwa hiyo hapo ndipo kitanda huliwa. Ukipitisha ukucha ukingoni mwa reli karibu na chaki, ukakuta kidaraja kinachokwaruza, ujue kiasi gani kimeshalika. Halafu kaza kigari kiwe kigumu kidogo kikiwa pale karibu na chaki, kisha kizungushe kuelekea mkiani, mwisho wa pili wa kitanda. Kikienda sawa mpaka mwisho, kitanda ni kizima. Kikikwama katikati ya njia, maana yake huku mwanzo pamelika na kule mwisho bado ni pana kama kilivyotoka kiwandani. Kitanda kilicholika hakina dawa ila kupelekwa kusagwa upya kwenye mashine kubwa, na gharama yake yaweza kuzidi bei uliyonunulia.

Mchezo, yaani ulegevu, kwenye vishikio vya mkono watu wengi huuogopa bure. Unazungusha kishikio robo mzunguko kabla kigari kidogo hakijasogea, muuzaji anaona haya, anapunguza bei. Mimi nakubali punguzo na kunyamaza. Parafujo na nati yake ni vitu vya kubadilisha, nati ya bronzi naitengeneza mwenyewe.

Gia boksi ni kusikiliza. Kama kuna umeme, iwashwe, na ipitishwe kila mwendo, si ule mmoja ambao mwenyewe anaupenda. Jino lililovunjika hugonga kwa mpigo, tak, tak, tak, na mpigo unaongezeka kadiri mwendo unavyopanda. Iache izunguke dakika ishirini hivi, kisha weka kiganja juu ya beringi za kichwa. Joto la kuvumilika ni sawa. Likikufanya utoe mkono, uliza maswali. Mashine za shule zina sifa yake ya pekee: kitanda kizima, kwa sababu hazikufanya kazi nyingi, lakini meno ya chaki yana alama za kisu na gia moja au mbili zimepigwa, maana wanafunzi wamegonga kigari kwenye chaki ikizunguka. Kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri. Gia inapatikana au inachongwa, kitanda hakipatikani.

Hakikisha pia umekata chuma chenyewe. Shika kipande cha fito bila kukitegemeza mkiani, kereza sehemu mbili zilizoachana kama shibiri moja, pima zote mbili kwa maikromita. Zikitofautiana usikimbie. Nimewahi kuuziwa lethi kwa bei ya kutupa pale Kariobangi, Nairobi, kwa sababu ilikuwa "inakata pembe", na mwenyewe aliamini imechoka. Ilikuwa imesimamishwa juu ya sakafu iliyopinda, mguu mmoja ukining'inia. Kitanda kilikuwa kimejipinda kidogo kwa uzito wake chenyewe. Ukucha ulikuwa umeshaniambia reli hazikulika, kwa hiyo nililipa na kunyamaza. Ilipokaa sawa Changamwe, tofauti ikapotea karibu yote.

Kisha kuna vile vitu vya pembeni, na hapa ndipo wanunuzi wengi hulia baadaye. Mashine bila vifaa vyake ni nusu mashine. Uliza chaki ya meno manne, uliza sahani ya kufungia kazi, uliza vishikio vya katikati vya kutegemeza shafti ndefu, uliza funguo za chaki, na zaidi ya yote uliza gia za kubadilishia. Lethi nyingi za Kiingereza za zamani zimepimwa kwa inchi, hata ile skrubu ndefu ya kukatia hesi. Lakini wateja wangu wana boliti za milimita: tuktuk, jenereta, injini za boti za Kijapani. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo inchi tano ni milimita 127 bila baki. Ndiyo maana gia yenye meno 127 ndiyo daraja la kutoka inchi kwenda milimita. Ikipotea, utakata hesi za milimita kwa kukadiria. Pale Nakuru, mashine tuliyokuwa tumeshapatana bei haikuwa nayo. Muuzaji aliapa haijawahi kuwepo. Nikaomba nizunguke stoo, na nilipotoka nikajikwaa kwenye chuma cha mviringo kilichowekwa mlangoni ili upepo usiufunge mlango. Nikakiokota, nikafuta udongo kwa kidole, nikaanza kuhesabu meno hapo hapo nimechuchumaa. Mia na ishirini na saba. Mlango ukafunga kwa kishindo, mzee mwenyewe akacheka, akasema, "Haya, chukua, nitatafuta jiwe."

Ukikubaliana bei, andika. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa vyuma hilo lina uzito zaidi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Marufuku iliondolewa mwaka huo huo, lakini jicho la askari barabarani halikurudi lilivyokuwa, na kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inayotaka mtu awe na leseni. Mashine kuukuu juu ya lori, yenye mafuta na kutu, kwa mbali ni chuma chakavu. Mimi hubeba hati ya mauziano yenye jina la muuzaji na sahihi yake, aina ya mashine, namba iliyogongwa mwishoni mwa kitanda, na picha ya namba hiyo kwenye simu. Kama ni mnada wa taasisi ya serikali, risiti na barua ya kuruhusu mzigo utoke. Sijawahi kuzuiliwa zaidi ya muda wa kusomewa karatasi. Na kwenye minada hiyo kumbuka kitu kinauzwa kilivyo na kilipo: ukishalipa, kukitoa kule ndani ni shida yako, na tarehe ya mwisho ya kukitoa imeandikwa.

Sasa kunyanyua. Hapa sikubali kuharakishwa na mtu, hata awe mwenye lori.

Lethi ina uzito mwingi upande wa kichwa na mwingi juu, miguu yake imebana. Inaanguka kirahisi kuliko inavyoonekana. Kabla haijaguswa, namwaga mafuta ya gia boksi, nafungua chaki na kuiweka kwenye sanduku lake, naondoa vishikio vyote vinavyojitokeza, kwa maana kila kinachojitokeza kitashikwa na mtu kama mpini. Kigari na mkia, ile sehemu ya kutegemeza ncha ya pili ya kazi, navisogeza mpaka mwisho upande wa pili, ili kusawazisha kichwa, kisha navifunga. Halafu mashine yote naifunga kwa boliti juu ya mbao mbili nene, ndefu kuliko upana wa miguu yake kwa kila upande. Mbao hizo ndizo zitakazobebwa, kuburutwa, kugongwa na kulaumiwa. Zigharamie. Mataruma ya zamani ya reli ni mazuri mno ukiyapata, lakini yana uzito wake.

Mkanda wa kunyanyulia upite chini ya kitanda chenyewe, kwenye zile mbavu za ndani, na kipande cha mbao kiwekwe ili mkanda usikandamize ile skrubu ndefu na fito iliyo chini yake. Ziko mbele, ziko wazi, na ndizo mtu asiyejua anazipitishia mnyororo. Kisumu, kwenye yadi moja, nilifika nikakuta vijana wa muuzaji wameshaanza bila mimi. Mnyororo ulikuwa umezunguka skrubu, kreni ya lori imeanza kuvuta, na fito imeshapinda kama kidole kimoja. "Usiwe na wasi mzee, hii mnyororo inabeba tani tano!" Mnyororo ulikuwa mzima kweli, sina ubishi. Nilipiga kelele mpaka dereva wa kreni akashusha. Skrubu yenyewe ilipona kwa bahati, fito niliinyosha kwa jeki na subira baadaye. Tangu hapo sentensi ya kwanza ninayomwambia muuzaji yeyote ni kwamba asiiguse mpaka nifike, na malipo ya mwisho nayatoa mashine ikiwa juu ya lori.

Juu ya lori, kichwa kiangalie mbele, kikaribie ukuta wa nyuma ya kabini, lakini uzito usikae wote pale wala usining'inie nyuma ya ekseli. Mizani ya Athi River na ya Mariakani inapima ekseli moja moja. Lori la tani kumi halina habari na mashine ya tani moja na nusu. Kanta, lile lori dogo, inayo, ukiipakia vibaya. Mbao zipigiliwe vizuizi pande nne. Mikanda ya kufungia ivuke kama msalaba kwa mbele na kwa nyuma, ishike kitanda na miguu, isishike kitu chochote kinachozunguka.

Mbele na nyuma nasema kwa makusudi. Ukitoka Nakuru unapanda bonde kwa njia ya Mai Mahiu, lori linatambaa, na mashine inataka kurudi nyuma. Kuanzia Nairobi kushuka ni kilomita 480 hivi, nchi inainama polepole kuja baharini, na kila dereva akikanyaga breki kabla ya tuta mashine inataka kwenda mbele. Matuta ya barabara ile wote tunayajua. Mikanda iliyokazwa barabara asubuhi hulegea kilomita ishirini au thelathini za kwanza, mbao zikishakaa mahali pake. Kwa hiyo nasimamisha mapema, tena Emali, tena Mtito Andei ambapo hata hivyo dereva anataka chai. Mimi hupanda bodini mwenyewe, napiga mkanda kwa kofi nasikiliza mlio wake. Dereva mmoja aliniambia nimezidi, kwamba tanboi wake, yaani utingo, anatosha. Tanboi wake alikuwa amelala.

Hewa nayo ni adui. Mashine iliyokaa Nakuru miaka thelathini haijui chumvi. Inashuka kutoka baridi ya juu usiku, chuma kikiwa bado kimeshika ubaridi wake, na alfajiri kuanzia Mazeras hewa ya pwani yenye unyevu inakipokea. Chuma kinatoa jasho chini ya turubai. Nimeona reli zilizokuwa zinameta Athi River zikipiga rangi ya chungwa kabla hata ya kushushwa Changamwe. Sasa kila sehemu iliyo uchi naipaka grisi nene kabla ya kuondoka, si oili nyepesi, kisha karatasi, kisha turubai lililofungwa chini likiachiwa upenyo wa hewa. Na mashine ikishafika, wakati wa kusi hasa, kitanda hupanguswa na kupakwa oili kila jioni. Hilo halina mwisho. Anayeishi pwani na mashine ya chuma ameoa kazi hiyo.

Kuna wakati nilimsindikiza rafiki yangu wa Likoni kushusha mashine ya kuchonga aina ya Bridgeport, ile ndefu yenye kichwa kirefu juu, uzito karibu tani moja. Changamwe iko nje ya kisiwa cha Mombasa, lori linafika bila kuingia kisiwani. Likoni ilikuwa lazima feri. Watu wa bara hawajui kwamba pale kivukoni mteremko hubadilika na maji. Maji yakijaa, lori linaingia karibu tambarare. Maji yakipwa, na hasa siku za bamvua, gari linainama pua chini kuingia na linapanda pua juu kutoka, na mzigo mrefu kama ule unayumba. Tulifika maji yamepwa kabisa. Dereva alitaka kuingia tu, foleni ilikuwa inasogea. Rafiki yangu akamwambia azime injini. "Bahari si ya babangu wala ya babako, tungoje ijae." Tukakaa pembeni tunakula mihogo ya kukaanga mpaka maji yakapanda, tukavuka vizuri. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inamtoa mtu upande wa Miritini hadi pwani ya kusini bila feri, na kwa mzigo kama ule ndiyo ningepita, hata kama ni mbali kwa anayekwenda Likoni.

Kushusha ndiko kunakotaka watu wazima. Kreni ya kukodi ni nzuri ukiwa na nafasi na fedha, mimi kwangu mlango ni mfupi na nyaya za umeme zinapita juu. Natumia mahamali wa kazi nzito, wazee waliofanya kazi bandarini kabla ya kila kitu kuingia kwenye kontena. Kiongozi wao hapendi kelele. Alizunguka lori la kwanza nililomwitia, akaangalia mbao chini ya mashine, akaniuliza nani alizifunga. Nikasema mimi. Akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Mwanangu, wewe leo kazi yako ni kutoa soda. Usishike kamba." Walipanga mataruma kwa kukatizana hadi usawa wa bodi, wakaweka mabomba ya chuma chini ya mbao, mtaimbo mmoja nyuma, kamba mbili za kuzuia mbele zimezungushwa kwenye nguzo. Mashine ikatoka bodini shibiri kwa shibiri. Kila safu ya mataruma ilipotolewa, upande mmoja kwanza, jeki, kisha upande wa pili, mashine ikashuka kiasi cha taruma moja. Hakuna aliyesimama upande ambao ingeweza kuangukia, hata mara moja. Waliimba polepole, na mzee alikatiza wimbo kila alipotaka kusimama. Kuangalia watu wale ni shule, na nimewalipa kuliko nilivyolipa kreni, bila kinyongo.

Ikishakaa mahali pake, usiikimbilie. Pimamaji ya mwashi haitoshi, lakini si kila mtu ana ile ya mashine. Nasawazisha kwa vipande vya bati chini ya miguu, nakata ule mtihani wa sehemu mbili, narekebisha mguu mmoja wa mkiani kidogo, nakata tena. Baada ya wiki chache narudia, maana kila kitu kinatulia.

Na umeme. Mota nyingi za viwandani ni fezi tatu, volti 415. Ambaye hana fezi tatu anaweza kutumia inverta, kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu, kwa mota ndogo, za kilowati 2.2 hivi; inalishwa na umeme wa kawaida wa nyumbani. Vyovyote utakavyounganisha, toa mkanda wa mota kwanza uone inazunguka upande gani. Fezi mbili zikibadilishana mahali, mashine inazunguka kinyume, na kwa lethi ambazo chaki yake imekazwa kwa hesi, kama Myford, kuanza ghafla kuzunguka kinyume kunaweza kuifungua chaki ikaruka. Kipande cha chuma kama kile kikikupita sikioni hutauliza tena kwa nini nasisitiza.

Ya ng'ambo nisiyaseme vibaya yote. Wapo walioleta mashine nzuri kwa kontena la kushirikiana. Ila kununua kwa picha ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, huwezi kupitisha ukucha kwenye simu. Kuna ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirishwa, kuna masanduku ya mbao ambayo lazima yawe yametibiwa na kupigwa mhuri wa kimataifa, kuna siku za bure bandarini zinazokwisha upesi na baada yake unalipia kila siku. Ya Marekani, zaidi ya hayo, imezoea umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni 50, kwa hiyo mota inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita. Si mwisho wa dunia, bali ni jambo la kujua kabla ya kutuma pesa.

Sasa hivi natafuta shepa. Ni mashine ambayo viwanda vipya havina haja nayo tena, inakwenda mbele na nyuma polepole, kwa hiyo wengi huiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kwa kazi za njia za funguo, ile mifereji ya kuzuia kitu kisiteleze kwenye shafti, ndani ya puli na rafadha za mashua, hakuna ya kuishinda kwa bei. Kuna moja nimesikia iko Thika kwenye karakana ya shamba la zamani, wamenitumia picha. Imepakwa rangi mpya ya buluu. Dereva wangu anapanda na saruji wiki ijayo, nitakwenda naye nikiwa na tochi, maikromita na mikanda yangu mwenyewe, na nimeshamwambia mwenyewe kwa simu asiiguse.